Mbwa wangu alikojoa kama bomba baada ya sindano ya usingizi: je, figo zimeharibika?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina mbwa dume anaitwa Kito, ana miaka minne na kilo 22, tunaishi Tanga. Wiki iliyopita aligongwa na bodaboda akachanika paja. Mtaalamu alikuja nyumbani, akamchoma zailazini na ketamini, akamshona. Alilala kama saa moja na nusu. Kabla hata hajaamka vizuri alijikojolea, kisha akakojoa tena na tena, mkojo mweupe kama maji, nikabadilisha matandiko mara tatu. Saa mbili baada ya sindano tulimpeleka kliniki aangaliwe, wakapima mkojo na damu. Nikaambiwa uzito wa mkojo ni 1.006, sukari ya damu 9.6, kreatinini (taka ya mwili ambayo figo huichuja kutoka kwenye damu) 95, na kwamba figo zimeanza kufa, ale chakula cha wagonjwa wa figo maisha yake yote. Sasa anakula vizuri na anakunywa maji kama zamani. Je, ile sindano imemharibu figo? Na mwezi ujao nilipanga ahasiwe. Niache?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa namba ulizoniandikia sioni figo zinazokufa. Naona figo zinazofanya kazi, na hiyo 1.006 iliyokutisha ndiyo inayonipa moyo kuliko namba nyingine zote. Usimbadilishie chakula bado. Kosa liko kwenye saa: mkojo ulichukuliwa dawa ikiwa bado imejaa mwilini, na mkojo wa saa hizo humwonyesha mpimaji kazi ya dawa. Hali ya figo zenyewe hutaijua mpaka dawa iishe. Nitakueleza kwa kirefu, kwa sababu jambo hili limewaogopesha wafugaji wengi, na mbwa wengine wameanzishiwa dawa za figo ambazo hawakuzihitaji.

Zailazini ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1962, katika kampuni ya Bayer, watu wakitafuta dawa ya kushusha shinikizo la damu la binadamu. Ikaonekana inalaza na kulegeza mno, binadamu wakaachana nayo, ikahamia kwa wanyama. Leo kwetu ndiyo chupa ya kwanza kutoka kwenye begi la mtaalamu wa mifugo akiitwa kumtuliza ng'ombe, punda au mbwa mkali. Inapatikana, bei yake inavumilika, na dakika kumi au kumi na tano baada ya kuchomwa kwenye nyama mnyama ameshainamisha kichwa. Wadogo zake ni medetomidini na deksimedetomidini, dawa mpya zaidi, ghali zaidi, na zenye nguvu kwa dozi ndogo sana. Zote tatu hushika kitasa kimoja mwilini ambacho sisi tunakiita kipokezi cha alfa-2.

Kitasa hicho kikishikwa kwenye ubongo, noradrenalini hupungua, na noradrenalini ndiyo inayomfanya mnyama awe macho na chonjo. Ikipungua, analala, misuli inalegea, na maumivu yanapungua. Hilo ndilo alilolitaka aliyemchoma Kito. Lakini vitasa vya namna hiyohiyo viko pia kwenye kuta za mishipa ya damu, kwenye kongosho, kwenye sehemu ya ubongo inayosimamia maji ya mwili, na ndani ya figo zenyewe. Dawa haijui kuchagua. Ikishaingia kwenye damu, inavishika kote.

Sasa fikiria figo za mbwa wa kilo 22 zinavyofanya kazi siku ya kawaida. Kwa saa 24 vichujio vyake huchuja maji yapatayo lita 90 au zaidi kutoka kwenye damu. Kama maji hayo yote yangetoka nje, angekauka kabla ya jua la mchana. Hayatoki, kwa sababu njiani karibu yote hurudishwa mwilini, na kinachofika kwenye kibofu ni kati ya nusu lita na lita moja hivi kwa siku. Kwa hesabu tunayotumia kliniki, mbwa mzima hutoa mililita 1 hadi 2 za mkojo kwa kila kilo kwa kila saa.

Uamuzi wa mwisho wa maji gani yarudi na yapi yatoke hufanyika kwenye mirija midogo ya mwisho, ile ya kukusanyia mkojo. Kuta za mirija hiyo zina vijilango vya maji, na anayevifungua ni homoni iitwayo vasopresini. Hutengenezwa kwenye ubongo, huachiliwa na tezi ya pituitari, husafiri kwa damu mpaka kwenye figo na kuziambia: bana maji. Mbwa aliyeshinda juani bila maji huwa na vasopresini nyingi, vijilango viko wazi, maji yanarudi mwilini, na mkojo unaotoka ni kidogo, wa njano iliyokolea, wenye harufu kali.

Zailazini huvuruga mpango huo mara mbili. Kwanza hupunguza vasopresini inayoachiliwa kutoka ubongoni. Halafu, kwenye mirija yenyewe, huzuia ujumbe wa ile vasopresini kidogo iliyofika, ili vijilango visifunguke. Maji ambayo yangerudi kwenye damu yanapita moja kwa moja kwenda kibofuni. Ndiyo maana ulichokiona kilikuwa kingi, cheupe, na karibu hakina harufu. Mbwa wenye afya wanaochomwa dawa hii hufanya hivyohivyo, na mkojo wao huongezeka mara kadhaa ya kawaida kwa saa nne au tano, kisha hupungua wenyewe dawa inapoisha. Kwa zailazini, dozi ikipanda, mkojo nao hupanda. Medetomidini nayo huleta mkojo mwingi, ingawa hapo kuongeza dozi hakuongezi mkojo kwa kiwango kilekile.

Ulitaja sukari ya 9.6. Hiyo nayo ina maelezo yake. Kitasa cha alfa-2 kwenye kongosho kikishikwa, insulini haitoki kama kawaida, na sukari ya damu hupanda kwa muda. Mbwa aliyegongwa, mwenye hofu na maumivu, tayari sukari yake imepanda kidogo hata kabla ya sindano. Figo za mbwa huanza kuachia sukari kwenye mkojo pale sukari ya damu inapovuka kati ya 10 na 12. Kito hakufika huko, kwa hiyo sukari haikuhusika na maji aliyomwaga, na wala si kisukari. Ipimwe tena siku ambayo hajachomwa kitu na wala hana wasiwasi, itakuwa imeshuka. Nimewahi kuona mbwa anaandikiwa insulini kwa kipimo kimoja kilichochukuliwa akiwa bado amelala kwa zailazini. Insulini kwa mbwa asiye na kisukari inaweza kumwangusha kwa degedege siku hiyohiyo. Kwa hiyo silichukulii kama kosa dogo la makaratasi.

Nirudi kwenye 1.006, maana ndiyo iliyoleta neno “kufa”. Kipimo hiki kinalinganisha uzito wa mkojo na uzito wa maji matupu, ambayo ni 1.000. Kadiri mkojo ulivyobeba chumvi na taka nyingi, ndivyo namba inavyopanda. Maji yaliyochujwa kutoka kwenye damu, kabla mirija haijayagusa kwa kuongeza au kupunguza, huwa kati ya 1.008 na 1.012. Hapo ndipo pa kutazama sana. Figo iliyochakaa hupoteza uwezo wa pande zote mbili: haiwezi kukoleza mkojo, na haiwezi kuuzimua. Mkojo wake unabaki palepale kwenye 1.008 hadi 1.012, asubuhi na jioni, mbwa akiwa amekunywa au ana kiu. Ili mkojo ushuke mpaka 1.006, chini ya uzito wa maji ya damu, mirija lazima ifanye kazi ya kuitoa chumvi nje ya mkojo na kuyaacha maji. Hiyo ni kazi inayotumia nguvu, na figo iliyochoka haiiwezi. Kwa hiyo aliyesoma 1.006 akasema “figo zimeanza kufa” aliuona wepesi wa mkojo akasahau kuuliza figo imefanya nini mpaka mkojo ukawa mwepesi hivyo.

Kreatinini ya 95 nayo iko mahali pake. Mashine nyingi huweka mpaka wa juu wa mbwa karibu na 160. Lakini sitaki uibebe namba hii kama hati ya usalama. Kreatinini ni mjumbe anayechelewa. Haipandi mpaka karibu robo tatu ya vichujio vimeshapotea, wakati uwezo wa kukoleza mkojo hupotea mapema zaidi, vikiwa vimeshapotea theluthi mbili hivi. Ndiyo sababu namtaka Kito apimwe mkojo tena, safari hii wa asubuhi kabla hajanywa maji, na kabla hajachomwa dawa yoyote. Ukifika 1.030 au zaidi, mada ya ugonjwa wa figo imefungwa.

Jambo la kujikojolea akiwa bado amelala limekusumbua, nimeliona ulivyoandika. Ni mambo matatu yaliyokutana. Kibofu kinajaa upesi kuliko kawaida, dawa inalegeza ule msuli unaofunga njia ya mkojo, na mbwa mwenyewe yuko usingizini hasikii kwamba kimejaa. Akiamka na kulewa kukiisha, msuli unarudi kazini. Kama baada ya siku mbili angali anavuja bila kujijua, hapo si dawa tena. Kwa mbwa aliyegongwa ningepima mgongo na mishipa ya fahamu ya nyuma.

Na kwa sababu aligongwa, kuna swali ambalo mimi ningeuliza kabla ya sindano yoyote: kibofu ni kizima? Bodaboda au gari likimgonga mbwa mwenye kibofu kilichojaa, kibofu kinaweza kupasuka kama puto la maji, na mkojo ukaingia tumboni. Watu wengi huamini kwamba mbwa anayekojoa hawezi kuwa na kibofu kilichopasuka. Anaweza, kama tundu ni dogo. Kinachomtoa hofu Kito ni kwamba wiki imepita, anakula na yuko mchangamfu. Mbwa mwenye mkojo tumboni asingefika siku ya tatu bila kutapika, kukataa chakula na kreatinini kupanda sana.

Sasa swali lako lenyewe: je, dawa hii inaweza kuidhuru figo? Hapa sitakujibu kwa neno moja.

Sindano ikiingia, mishipa midogo ya damu hujibana. Shinikizo hupanda kwa muda, moyo nao hujibu kwa kupunguza mwendo. Mbwa aliyekuwa na mapigo 100 kwa dakika anaweza kushuka mpaka 50 au chini yake, na damu inayosukumwa kwa dakika moja ikapungua kwa karibu nusu. Ukimwangalia fizi wakati huo utaziona zimepauka. Mwili hauigawi damu hiyo iliyobaki sawasawa. Ngozi na misuli hunyimwa kwanza, wakati ubongo, moyo na figo hulindwa. Figo zina utaratibu wao wa ndani wa kujirekebishia damu inayoingia hata shinikizo likiyumba, alimradi halijaanguka sana. Kwenye upasuaji tunapigania wastani wake usishuke chini ya milimita 60 za zebaki. Mbwa kijana, mzima, mwenye maji ya kutosha mwilini, huvuka saa hiyo moja au mbili bila figo kupata jeraha. Nimewahasi na kuwashona mbwa wengi sana kwa zailazini na ketamini, tena mahali pasipo na umeme wala gesi ya usingizi, na ukimchagua mgonjwa vizuri dawa hii haikuangushi.

Neno zito hapo ni “ukimchagua vizuri”. Mbwa aliyepoteza damu nyingi, aliyetapika na kuharisha siku mbili, mzee ambaye figo zake tayari zinachechemea, au aliyeshinda amefungwa kwenye jua la Februari bila bakuli la maji, huyo hana akiba. Ukimpunguzia nusu ya damu ya moyo, halafu dawa hiyohiyo ikamwagia nje maji ambayo mwili wake ulikuwa umeyashikilia kwa jino na ukucha, figo zake zinakosa damu kweli. Kito alikuwa ametoka kugongwa. Kama alivuja damu nyingi, ningetaka awe amewekewa dripu kabla ya kulazwa. Namshukuru Mungu alipita salama.

Kuna adui mwingine ambaye hujampa nafasi kwenye barua yako, na mimi ndiye ninayemwogopa zaidi: dawa ya maumivu. Alipewa nini baada ya kushonwa? Figo inapopungukiwa damu, hutengeneza vitu vyake vya kupanua mshipa unaoingiza damu kwenye vichujio, vinaitwa prostaglandini. Dawa za familia ya diklofenaki na ibuprofeni huzuia prostaglandini hizo. Meloksikamu ya mbwa, kwa dozi sahihi, kwa mbwa asiyepungukiwa maji, naitumia bila wasiwasi. Lakini diklofenaki ya vidonge vya binadamu, aliyoinunua jirani kwa ajili ya mgongo wake, ukampa mbwa aliyetoka kulazwa na kukojoa maji mengi, inaweza kuzifunga figo ndani ya siku chache na kutoboa tumbo juu yake. Mbwa niliowaona wakifa kwa figo baada ya kushonwa au kuhasiwa, mara nyingi nikiuliza vizuri nyumbani, kidonge hicho kinatajwa. Lawama yote huwa imebebeshwa “sindano ya usingizi”. Kama mmempa, acheni leo, na kreatinini ipimwe tena wiki hii bila kungoja.

Na yuko mbwa mmoja ambaye zailazini kwake ni sumu, hata kama ni kijana na ana afya kiasi gani: aliyeziba njia ya mkojo. Hili nimejifunza vibaya. Miaka mingi nyuma, nikiwa bado mgeni kazini, niliitwa kumwona mbwa dume aliyekuwa akichuchumaa na kukaza bila kutoa kitu. Mwenyewe alisema amefunga choo, nami nikakubali. Mbwa alikuwa mkali, tumbo halishikiki, nikamchoma zailazini ili nimpime kwa utulivu. Alipolala nikamgusa tumbo, nikakuta kibofu kimejaa na kuwa kigumu kama nazi. Kijiwe kilikuwa kimekwama pale kinapokwama kwa madume karibu wote, nyuma ya mfupa mdogo ulio ndani ya uume wa mbwa, maana hapo njia haiwezi kutanuka. Katheta niliyokuwa nayo, yaani mpira mwembamba wa kutolea mkojo, haikupita. Na ndani ya mwili wake dawa niliyompa kwa mkono wangu ilikuwa imeanza kuzalisha mkojo maradufu kuelekea kwenye kibofu kisicho na mlango. Nilikitoboa kwa sindano nyembamba kupitia ukuta wa tumbo nikavuta mkojo, tukamkimbiza mjini kwa pikapu, nikavuta tena njiani. Alipasuliwa, akaishi. Tangu siku hiyo simchomi mbwa yeyote kabla sijamshika tumbo na kuuliza lini alikojoa mara ya mwisho, na mkojo ulitoka kwa mkondo au kwa matone. Swali hilo nawe liulizwe kwako siku ya kuhasi. Lisipoulizwa, litamke mwenyewe.

Ahasiwe, basi? Kama vipimo vya marudio vitatoka safi, ndiyo, sioni sababu ya kuacha. Lakini nataka mambo yafanyike kwa mpangilio tofauti na wa wiki iliyopita.

Mkojo na damu vichukuliwe kabla ya sindano, kamwe visichukuliwe baada yake. Ungeikumbuka sentensi hiyo moja tu kutoka kwenye barua hii, ingetosha. Mkojo wa asubuhi unaweza kuukinga wewe mwenyewe: mtoe kwa kamba alfajiri, akiinua mguu peleka upawa safi au bakuli pana taratibu kutoka nyuma, usikinge matone ya mwanzo, kisha mimina kwenye chupa safi yenye mfuniko. Vaa glavu. Ufike maabara ndani ya saa moja au mbili. Ukichelewa uweke kwenye friji, usigande. Wapime uzito kwa kifaa cha kioo cha kutazamia kwenye mwanga, wasitegemee kile kibanzi cha rangi, maana kile kibanzi kwa mkojo wa mbwa hakiaminiki kwenye uzito.

Chakula asile usiku wa kuamkia upasuaji. Maji aachiwe mpaka asubuhi. Watu wengi huondoa vyote tangu jioni kwa kuogopa kutapika, na kweli zailazini huwatapisha mbwa wengi, lakini mbwa mwenye kiu anayelazwa kwa dawa ya kumwaga maji ameonewa mara mbili.

Apimwe kwenye mizani, asikadiriwe kwa macho. Na mwombe anayemchoma akuonyeshe chupa. Zailazini huuzwa kwa nguvu mbili, asilimia 2 yenye miligramu 20 kwa kila mililita, na asilimia 10 yenye miligramu 100. Chupa zinafanana. Mililita moja ya hii ni mililita tano za ile. Mtaalamu mzuri hatakasirika ukiuliza, na anayekasirika ni afadhali umjue mapema. Wala wewe usijaribu kuinunua duka la dawa za mifugo ukamchoma mwenyewe ili umkate kucha. Haina kibali cha kutumika kwa binadamu popote, na ikikuchoma kidoleni kwa bahati mbaya inaweza kukulaza na kukushusha mapigo ya moyo peke yako nyumbani.

Awekewe kanula na dripu tangu mwanzo. Kwa mbwa mzima huwa naanza na mililita 5 kwa kila kilo kwa saa, yaani kama mililita 110 kwa Kito, zikirudisha kile dawa inachomwaga. Kibofu kikamuliwe taratibu kabla kisu hakijagusa ngozi. Na kama wanayo dawa ya kuzindua, atipamezoli au yohimbini, ni vizuri. Huondoa usingizi na pia husimamisha ule mkojo mwingi. Isipokuwa wasiichome mapema mno kama ametumia ketamini, kwa sababu ukiondoa zailazini ketamini ikiwa bado ina nguvu, mbwa anabaki amekakamaa, anatetemeka, anaweza hata kupata degedege. Asepromazini, ambayo baadhi ya madaktari huipenda, haileti mafuriko haya ya mkojo, lakini hushusha shinikizo la damu, kwa hiyo nayo haimfai aliyepungukiwa maji au damu.

Akirudi nyumbani, mlaze kivulini kwenye magunia au kanga kuukuu unazoweza kufua, na umgeuze akijilowesha. Mbwa aliyelowa hupata baridi upesi hata Tanga, kwa sababu dawa imemshusha joto la mwili. Akiweza kusimama na kumeza vizuri mpe maji kidogo kidogo. Atakunywa kuliko kawaida jioni hiyo, mwache anywe, analipa deni. Kinachotakiwa kukushtua ni kinyume chake: mpaka kesho yake asubuhi hajakojoa hata mara moja, au anachuchumaa na kutoa matone, au mkojo una damu, au anatapika na pumzi inanuka kama mkojo. Hapo usisubiri siku ya pili.

Nikuombe pia upime maji anayokunywa kwa siku tatu za kawaida kuanzia sasa. Jaza chombo kwa kopo lenye alama, andika kilichobaki. Zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo kwa siku, ambayo kwa Kito ni lita mbili na robo hivi, ni nyingi mno, na hapo tutatafuta sababu isiyohusiana kabisa na sindano. Pwani yetu ina sababu zake: maradhi ya kupe, ambayo mengine hutoa mkojo wa rangi ya kahawa na mengine huifanya figo ivujishe protini, na homa ya mgunda, ileile iliyowapata watu mkoani Lindi mwaka 2022, ambayo mbwa huipata kwenye maji yaliyokojolewa na panya na huiambukiza kwa mkojo wake. Kwa ajili ya hiyo nimekuambia uvae glavu. Kama Kito hajachanjwa homa ya mgunda, uliza chanjo siku hiyohiyo unayopeleka mkojo.

Mkojo wa asubuhi ukisoma 1.030 au zaidi na kreatinini ikabaki ilipo, mhasi na umpe chakula chake cha siku zote. Ukisoma kati ya 1.008 na 1.012 asubuhi mbili tofauti, ahirisha kuhasi uniandikie tena. Tutapima protini ya mkojo, shinikizo la damu na maradhi ya kupe kabla ya kumgusa. Nyuzi za paja zitolewe kati ya siku ya 10 na ya 14. Akikubali kushikwa kichwa na wewe unayemjua, azitolewe akiwa macho, bila sindano yoyote.